Mchuzi Hauongezwi

Tuseme ni Ijumaa, saa mbili usiku, Masaki, Dar es Salaam. Kijana aliyepata kazi nzuri mwaka huu amemfuata shangazi yake Mbagala ili akamlishe mahali penye hadhi. Wamevuka Daraja la Tanzanite huku upepo wa bahari ukiwapiga, na shangazi amevaa kitenge chake cha harusi. Wanakaribishwa kwenye benchi la mbao zisizopigwa randa. Balbu zinaning'inia kwenye waya mtupu, menyu imebanwa kwenye kipande cha ubao, na sahani zilizopangwa mezani ni za bati, nyeupe, zenye ukingo wa buluu.

"Mbona sahani za msibani?" anauliza shangazi kwa sauti ya chini.

Chakula kinakuja baada ya saa nzima. Wali wa nazi umefinyangwa kwa kikombe na kusimamishwa katikati ya sahani kama kichuguu. Pweza ni vipande vinne, vigumu. Mchuzi umo ndani ya kibakuli kisichozidi kikombe cha kahawa, na juu yake limelazwa jani moja la kotimiri. Wali haujafika nusu, mchuzi umekwisha. Shangazi anamgeukia mwenyeji wake: "Baba, mwambie aniongezee mchuzi kidogo." Mhudumu, kijana mpole aliyevaa aproni ya jinzi, anainama. "Samahani mama, mchuzi hauongezwi. Ukitaka mwingine unaagizwa, unalipiwa." Bili inapoletwa, na asilimia 18 ya VAT chini yake, shangazi anaisoma mara mbili, anaikunja, anaitia kwenye pochi kama mtu anayetunza ushahidi.

Mama huyo hakuwa mkorofi. Alikuwa anafuata desturi ambayo biashara ya chakula ya Dar es Salaam imesimama juu yake, tena desturi iliyomo ndani ya jina la biashara yenyewe. Mama ntilie ni "mama, nitilie": tia kwa ajili yangu, nami nimenyoosha sahani. Serikali na watu wa semina hupendelea kusema mama lishe, jina lenye heshima zaidi, na wanaume walipoingia kwenye kazi hiyo wakaitwa baba lishe. Lakini jina la kwanza lilitoka kinywani mwa mteja mwenye njaa, na linamtaja muuzaji pamoja na kitendo anachoombwa. Kazi nyingi mjini huitwa kwa kile kinachouzwa au kutengenezwa. Hii imeitwa kwa ombi.

Mtu akitaka kuona ombi hilo linavyofanya kazi, aende Kariakoo saa saba mchana. Sufuria zimepangwa juu ya majiko ya mkaa, vifuniko vimeinamishwa ili mvuke utoke na harufu ifanye kazi ya tangazo. Mteja ananawa kwa maji ya jagi, anakaa kwenye fomu, anachungulia. Anaona samaki kabla ya kuuliza bei yake. Mama anapakua wali kwa sahani ndogo, anaugeuza, anapiga kitako cha sahani, kisha upawa unaingia kwenye maharage, unatoka, unamwagwa, unarudi tena kidogo. Ule mrudio wa pili ndio nyongeza. Haumo kwenye bei, na hakuna mama ntilie aliyedumu kwenye biashara bila kuujua. Anayekula hapo kila siku anao uwezo wa kusema "andika", na jina lake likaingia kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi.

Kabla ya hayo yote, pwani hii ilikuwa na namna nyingine ya kumlisha mgeni. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika Mogadishu mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Mombasa na Kilwa. Anasimulia kwamba meli ilipotia nanga, vijana wa mji walikuja kwa mashua, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa sahani mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Kwa kuwa yeye alikuwa mwanazuoni, Ibn Battuta alipelekwa kwa kadhi, na siku zilizofuata akaletewa wali uliopikwa kwa samli kwenye sinia kubwa la mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Palikuwa na maziwa ya mgando, na kando yake ndimu na pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Aliwastaajabia wenyeji kwa ulaji wao: mmoja wao, anasema, hula kiasi cha kutosha watu kadhaa.

Ukarimu huo ulikuwa na hesabu yake. Kijana aliyempa mfanyabiashara sahani ndiye aliyemkaribisha nyumbani, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa kwa muda wote aliokaa mjini. Anayenunua kwa mgeni bila mwenyeji wake kuwapo, biashara yake haikuhesabiwa kuwa halali. Bei ya sahani ilifichwa ndani ya ushuru wa udalali, na mgeni hakuiona. Alichoona ni sinia lisilokwisha. Mtu anayedhani kwamba kuuza mandhari pamoja na chakula kulianza na migahawa ya leo ataona kuwa watu wa pwani walijua kazi hiyo karne saba zilizopita, ila wao walijaza sahani kwanza.

Bara, misafara ya karne ya 19 ilikuwa na utaratibu mkavu zaidi. Mpagazi aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji alipewa posho, kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au shanga na vitambaa vya kununulia chakula njiani, kisha yeye na wenzake wa kambi wakajipikia. Neno hilo limesafiri kuliko wapagazi wenyewe. Uganda posho ni ugali. Kenya husikika kwenye kinu cha kusaga mahindi. Tanzania ni fedha anayolipwa mheshimiwa kwa kukaa kwenye kikao, na mara nyingi hapo hapo chakula cha mchana kipo.

Nyumba ya kuuzia vyakula ilikuja kwa mlango wa kahawa. Mgahawa wa Tanzania na mkahawa wa Kenya ni neno moja, mahali pa kahawa, na ile "g" inasikika hadi leo kwa Waarabu wa Oman na Ghuba wanaosema gahwa. Muuza kahawa wa pwani hakuhitaji nyumba. Alitembea na dele la shaba juu ya makaa, akigonganisha vikombe viwili mkononi, na kashata kwenye kisahani. Neno hoteli nalo likaja likakaa juu ya vibanda visivyo na kitanda hata kimoja, kama ilivyo India, na wageni wengi wa Kizungu wamewahi kuuliza chumba mahali palipo na chai na mandazi tu.

Hoteli zenye vitanda zilikuwa za wengine. Nairobi ilipata Norfolk siku ya Krismasi ya 1904. Dar es Salaam ilipata Kaiserhof ya Wajerumani mwaka 1906, ambayo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia iliitwa New Africa. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa jikoni. Mji wenyewe uligawanywa kwa lugha nyepesi ambayo kila mtu aliielewa: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kutenganisha Uhindini na Kariakoo. Waingereza waliposogea kaskazini kufuata upepo, Oysterbay ikawa makazi yao. Ni ufukwe huohuo, na majirani zake wa Msasani na Masaki, ambao leo una migahawa ya mabenchi ya mbao. Ramani ya bei imebadilika kidogo sana.

Katika upande mwingine wa ramani, waliopika walikuwa wanawake. Pumwani ya Nairobi, kijiji cha Waafrika kilichopangwa na serikali mwanzoni mwa miaka ya 1920, kilikuwa na wanawake wenye nyumba zao wenyewe, na mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990, ameonyesha jinsi vibarua waliofika mjini bila wake walivyonunua kwao chai, chakula, maji ya kuoga na malazi. Watawala waliwaona kama tatizo la maadili. Vibarua waliwaona kama watu pekee mjini waliouliza kama wameshakula. Ilichukua hadi 1972 kwa Shirika la Kazi Duniani kuandika ripoti yake kuhusu Kenya na kuipa kazi ya namna hiyo jina la kitaalamu, sekta isiyo rasmi. Wakenya waliiita jua kali.

Dar es Salaam mambo yaliiva kwa moto wa shida. Uhuru ulileta hoteli mpya ya kifahari, Kilimanjaro, mwaka 1965, na Azimio la Arusha miaka miwili baadaye likaweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Kisha ikaja bei ya mafuta, ukame, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na maduka yenye rafu tupu. Watu walipanga foleni ya sukari na sabuni. Mshahara wa karani ulibaki na jina la mshahara, ila haukufika mwisho wa wiki. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyezunguka mitaa ya Dar mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake 1997, alikuta nyumba ambazo mume ana kazi ya serikali na mke anauza vitumbua, na aliyelisha nyumba alikuwa mke.

Mwaka 1983 ulikuwa mgumu kwa wanawake hao. Ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na wa sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mtu aonyeshe kazi yake, na asiyeweza arudishwe kijijini kulima. Kuuza wali chini ya mwembe hakukuonekana kuwa kazi. Mgambo walimwaga sufuria. Ajabu ni kwamba mgambo nao walikuwa na njaa saa saba mchana, pia makarani wa wizara zilizotoa amri, na hapakuwa na mahali pengine ambapo mshahara wao ungewafikisha. Miaka miwili baadaye Ali Hassan Mwinyi alishika urais, akapata jina la Mzee Rukhsa, na vibanda vikarudi kwa wingi. Kitambulisho rasmi kilichelewa sana. Desemba 2018 Rais John Magufuli aligawa vitambulisho 670,000 kwa wakuu wa mikoa ili wafanyabiashara wadogo, machinga na mama lishe wakiwamo, wavinunue kwa shilingi 20,000 na kuachwa wafanye kazi. Miaka mitatu haikupita, machinga wakaondolewa tena kando ya barabara.

Ni katika miaka ileile ya shida, lakini Nairobi, ambapo mtu alifikiri jinsi ya kuuza nyama choma kwa bei ya hoteli. Carnivore ilifunguliwa 1980, barabara ya kuelekea Lang'ata. Nyama choma ya kawaida ina kanuni zake, na kila Mkenya anazijua: unaingia kwa mchinjaji, unaonyesha kidole kwenye paja la mbuzi linaloning'inia, linapimwa likiwa bichi mbele ya macho yako, unalipa kilo, linachomwa, linakatwakatwa juu ya ubao na kuletwa pamoja na ugali, kachumbari na chumvi ya kuchovya. Unaruhusiwa kwenda jikoni kuangalia kipande chako. Wengi huenda, na si kwa sababu ya kutoaminiana tu. Kusimama kando ya moto ni sehemu ya starehe.

Carnivore iliondoa mizani. Mteja hulipa mara moja, anapewa sahani ya chuma yenye moto, na wahudumu wanapita na mapanga yenye mafungu ya nyama, wakikata moja kwa moja kwenye sahani. Juu ya meza imesimama bendera ndogo. Ikiwa imesimama, nyama inakuja. Ukiishusha, umesalimu amri. Kabla ya biashara ya nyama ya porini kupigwa marufuku Kenya, wateja walikatiwa hata pundamilia na swala. Siku hizi wa ajabu waliobaki ni mamba na mbuni wa kufugwa. Jarida la Restaurant la London lilipotoa orodha yake ya kwanza ya migahawa 50 bora duniani mwaka 2002, Carnivore ilikuwemo. Mahali hapo pana mengi ya kitalii, na mtu wa soko la Kariokor, Nairobi, anaweza kucheka bei yake, lakini wenyewe walielewa jambo ambalo shangazi wa Mbagala angelielewa mara moja. Waliuza nyongeza. Aliyelipa ghali aliachiwa yeye ndiye aseme basi.

Zanzibar ina mfano wake, mdogo kwa bei. Bustani ya Forodhani, mbele ya Nyumba ya Ajabu, ilitengenezwa 1936 kusherehekea miaka 25 ya Sultan Khalifa bin Harub kwenye kiti, na ikakarabatiwa na taasisi ya Aga Khan hadi 2009. Kila jioni meza hupangwa, taa huwashwa, na mishkaki, pweza na mikate ya kumimina hungoja wateja. Mgeni asiyeuliza bei kwanza hulipa bei ya mgeni, na hilo limekuwa malalamiko ya miaka mingi. Wenyeji wengi hupita wakaenda mitaani kutafuta urojo. Muuza urojo humchanganyia mtu bakuli kama fundi anayechanganya rangi: vipande vya viazi, bajia, kachori, chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa, mshikaki mmoja uliotolewa kwenye kijiti, chatne ya nazi, pilipili, kisha urojo wenyewe, wa manjano, mzito kwa unga na mchachu kwa embe na ndimu. Mtu akila hadi katikati na bakuli likakauka, hurudi. Humwagiwa upawa mwingine. Haulizwi kitu.

Basi lile benchi la mbao lisilopigwa randa limetoka wapi? Halikutoka Kariakoo, ingawa linafanana. Januari 1991, David Eyre na Mike Belben walichukua baa chakavu iitwayo The Eagle, barabara ya Farringdon jijini London. Uingereza ilikuwa kwenye mdororo wa uchumi na wao hawakuwa na fedha. Viti havikulingana kwa sababu vilinunuliwa vilivyotumika. Menyu iliandikwa kwa chaki kwa sababu ilibadilika kila siku kufuata soko. Jiko lilikuwa wazi nyuma ya kaunta kwa sababu nafasi nyingine haikuwepo. Chakula kilikuwa kizuri na bei ilikuwa ya chini kuliko ya migahawa yenye vitambaa vya meza, na watu wakajaa. Mtindo huo ukanakiliwa dunia nzima, kwanza na waliokuwa na hali kama yao, kisha na waliokuwa na fedha za kumlipa msanifu ili avitafute viti visivyolingana. Ulipofika Masaki ulikuwa umeshakuwa samani ya kuagizwa. Sahani ya bati, ambayo jikoni Uswahilini ilipendwa kwa kuwa haivunjiki, ikarudi nyumbani ikiwa na nauli juu yake.

Wenye migahawa wana hoja, na ni haki zisikike. Kodi ya pango kwenye rasi ya Msasani ni kubwa. Jenereta lazima liwepo. VAT ilianza Tanzania Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009, na kibanda cha chini ya mwembe hakiidai. Mpishi anapewa vipimo ili kila sahani iwe na gharama inayojulikana, na kibakuli cha mchuzi ni kipimo. Kwa hesabu hiyo mchuzi wa bure ni wizi mdogo kwa mwenye mgahawa. Mama ntilie naye hupiga hesabu kali, tena bila karatasi, ila yeye huanza na mtu: huyu amekula hapa tangu Jumatatu, huyu amebeba mizigo asubuhi yote, yule ni mgeni na akiridhika atarudi. Upawa wa pili hutoka kwenye hesabu hiyo.

Mwenye kutaka kuiona bado inapigwa hana haja ya kutoka Masaki. Karibu na saa sita mchana, kando ya kuta zenye maua ya boganvilia, wanawake hufika kwa daladala na bajaji wakiwa na ndoo zenye vifuniko na sufuria zilizofungwa kwa kanga ili zisipoe. Wanatandaza chini ya mti, mahali ambapo gari la mgambo halipiti mara nyingi. Wateja ni walinzi, mafundi ujenzi, watunza bustani na madereva wanaosubiri. Baadaye kidogo hujitokeza kwa mlango wa nyuma vijana wa migahawa, aproni zimekunjwa mfukoni, kabla ya zamu yao kuanza. Wanakaa kwenye ndoo zilizogeuzwa. Wali, maharage, mchicha, kipande cha samaki. Kati yao yumo mpole mmoja, anakula haraka kwa sababu meza zinapangwa saa kumi, na wali ukiwa umebaki nusu anainua sahani yake. Mama anafunua sufuria kabla hajasema neno.